Miwani ya jua, kostiki, na jicho la baba watoto

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Igombe, Mwanza. Mimi na wenzangu wa kikundi tunatengeneza sabuni ya mche nyumbani kwangu kwa mafuta ya mise. Mwalimu aliyetufundisha alisema kostiki (soda ya kutengenezea sabuni) ni kali, tuvae miwani, lakini hakusema miwani gani. Nikanunua miwani ya jua pale Makoroboi. Je, inatosha? Mwenzangu mmoja anasema kostiki ikiingia jichoni unakamulia ndimu, kwa kuwa ndimu inaiua. Ni kweli? Na maji tunayotumia ni ya ziwani, yanafaa kuoshea jicho? Mume wangu naye anavunja mawe ya msingi hapo uani na ana grinda. Anasema hizo miwani ni za wanafunzi, na kama ni lazima ataazima helmeti ya kuchomelea ya jirani. Jicho lake la kushoto linatoa machozi tangu wiki tatu zilizopita alipokuwa anapiga tindo, anaona kaukungu ila haliumi sana. Huwa namwekea maziwa yangu maana nanyonyesha.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Swali lako ni la miwani na nitalijibu lote, ila naanzia mkiani, kwa jicho la baba watoto, kwa sababu hilo haliwezi kungoja.

Mtu anapopiga tindo kwa nyundo, chuma kinagonga chuma, na kinachoruka mara nyingi si jiwe, ni kipande cha tindo yenyewe. Iangalie tindo ya mumeo. Kama imetumika muda mrefu, kichwa chake kitakuwa kimechanua, kingo zimejikunja kwa nje, na huenda pana sehemu iliyomeguka. Kipande kidogo kuliko punje ya mtama kikimeguka hapo kinaruka kwa kasi kubwa, kina makali, na kinaweza kupenya jicho na kukaa ndani bila kuacha kidonda cha kuonekana kwa macho. Mwenyewe anasikia kama kapigwa na kitu, jicho linatoa machozi, kesho yake maumivu yanapoa, anahesabu yameisha. Kumbe chuma kimo ndani, na kikikaa humo kinashika kutu. Kutu hiyo inasambaa taratibu na kuharibu uwezo wa kuona, tena bila maumivu ya kumfanya mtu apige kelele. Ndiyo maana maneno yako mawili, "kaukungu" na "haliumi sana", hayanitulizi hata kidogo.

Kesho asubuhi aende idara ya macho, Bugando au Sekou Toure, asipitie duka la dawa kwanza. Akifika aseme kwa maneno haya haya: "Nilikuwa napiga tindo kwa nyundo." Sentensi hiyo ndiyo inayotuelekeza kwenye eksirei. Na siku yoyote akitakiwa kuingia kwenye mashine ya MRI, ataje habari ya chuma kabla hajalala pale, maana mashine ile ni sumaku yenye nguvu sana na inaweza kukisogeza kipande kikiwa ndani ya jicho. Hadi afike hospitali asilisugue jicho wala kulikandamiza. Maziwa acha leo hii. Ni chakula bora cha mtoto wako, na vilevile ni chakula kizuri kwa vijidudu vinavyotafuta upenyo wa kuingia kwenye jicho lenye jeraha. Matone ya kununua bila kupimwa nayo yaacheni, hasa yale yanayotuliza wekundu haraka. Baadhi yana dawa jamii ya steroidi, ambazo zinaficha dalili huku zikiupa ugonjwa nafasi.

Sasa miwani yako ya Makoroboi.

Haitoshi, na sababu si ubora wa kioo chake. Sababu ni mapengo. Ivae usiku, simama chini ya taa ya chumbani, kisha tazama mbele bila kugeuza kichwa. Utaona mwanga unaingia juu ya nyusi, pembeni, na zaidi kwa chini, kati ya kioo na shavu. Kila unapopita mwanga, tone linapita. Tena wewe unafanya kazi umeinama, ndoo iko chini, kwa hiyo kostiki ikiruka inatoka chini kwenda juu, moja kwa moja kwenye lile pengo la shavuni. Miwani ya kusomea ina kasoro hiyo hiyo. Ya jua inaongeza nyingine: kibandani inakupunguzia kuona, kwenye kazi ambayo unatakiwa uone kila kipande unachomimina.

Usiulize kama miwani ni imara kabla hujauliza hicho unachokiogopa kinafika jichoni kwa njia gani. Kipande cha jiwe kinaruka kwa mstari ulionyooka, kwa nguvu. Kimiminika kinatawanyika, kinateremka kwenye paji la uso, kinapenya kila uwazi. Mwanga wa kuchomelea hauzuiwi vya kutosha na kioo cheupe. Miwani ya mumeo na ya kwako haziwezi kuwa za aina moja, na helmeti ya jirani haiwezi kuwafaa wote wawili.

Kwa kuwa wewe ni mtengeneza sabuni, kostiki nitakueleza kwa lugha ya ndoo yako. Ukichanganya kostiki na mafuta ya mise, kostiki inayavunja mafuta na kuyageuza sabuni. Kuta za chembe hai zinazojenga jicho zina mafuta. Kostiki ikigusa jicho inafanya kazi ile ile inayofanya kwenye ndoo: inayageuza yale mafuta sabuni, ukuta unabomoka, kostiki inasonga mbele kwenye chembe inayofuata. Konea, ule utando angavu wa mbele, ina unene wa takriban nusu milimita tu katikati. Kostiki nzito inaweza kuuvuka na kufika ndani ya jicho katika dakika chache. Asidi nyingi zina tabia tofauti kidogo. Zinagandisha protini za juu ya jicho, na ule mgando unakuwa kizuizi kinachopunguza mwendo. Sisemi asidi ni rafiki, maana kuna waliopofuka kwa asidi ya betri. Ninasema kostiki haina kituo, inasimama pale tu ilipoondolewa kwa maji.

Ukijua hilo utaelewa kwa nini vidole vinateleza unapogusa maji ya kostiki. Ule utelezi ni mafuta ya ngozi yako yakigeuka sabuni.

Kinachokufaa ni miwani ya kuziba: kioo kimoja kipana cha plastiki, kingo laini za mpira zinazokaa kwenye ngozi kuzunguka macho yote mawili, na mkanda wa kunyumbulika nyuma ya kichwa. Ukiishika mkononi, kwanza angalia matundu ya hewa. Yakiwa ni vitobo vya wazi ambavyo ukichungulia unaona upande wa pili, iache, hiyo ni ya vumbi la mbao. Unataka ile ambayo matundu yake yamefunikwa na vikofia vidogo, hewa inapita kwa kuzunguka lakini tone likija linagonga ukuta. Pili, soma maandishi yaliyochongwa kwenye fremu. Bidhaa nyingi zilizotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya zimeandikwa EN 166, na namba 3 kwenye fremu maana yake inazuia matone na mrusho wa vimiminika. Za kiwango cha Marekani huandikwa Z87, na kwa vimiminika tafuta D3. Pasipo alama hizo, hata muuzaji aape vipi, hujui unachonunua. Alama zinaghushiwa pia, kwa hiyo baada ya kusoma bonyeza mpira wake, uvae, uinamishe kichwa, ucheke. Kama inaachia shavuni ukicheka, jaribu nyingine. Wanaovaa miwani ya macho watafute ile pana inayokaa juu ya miwani yao, zipo.

Kioo cha uso, kile kipana kinachoning'inia kutoka kwenye paji, kinalinda ngozi vizuri sana na nakipenda kwa sababu hiyo. Lakini kiko wazi kwa chini. Kivae juu ya miwani ya kuziba, kamwe kisiwe badala yake.

Najua malalamiko yatakayofuata, ninayasikia kila siku: inaota ukungu. Ni kweli, kwa joto na unyevu wa huku pwani ya ziwa inaota. Watu wengi wanaoivua katikati ya kazi hawafanyi ujeuri, wanaivua kwa sababu hawaoni. Osha kioo kwa sabuni ya maji kidogo, suuza kwa maji machache, acha kikauke bila kukifuta. Utando mwembamba wa sabuni unaobaki unapunguza ukungu kwa muda. Usisafishe kwa thina wala petroli, plastiki ile inapasuka nyufa ndogo ndogo na kupoteza nguvu. Toeni pia kazi ndani, fanyieni chini ya mwembe penye upepo, huku mkiwa mmekaa upande unakotoka upepo. Halafu kumbuka kwamba huhitaji kuivaa mchana kutwa. Ivae kuanzia unapofungua mfuko wa kostiki hadi sabuni imemiminwa kwenye boksi na vyombo vimeshaoshwa. Hiyo ya vyombo wengi huisahau, wakati rojo iliyobaki kwenye mwiko bado ni kali, na kusugua ndoo kwa nguvu ndiko kunakorusha matone.

Nikuulize jambo ambalo hukuliandika: mnachanganyia kwenye nini? Kama ni sufuria, nyingi za majumbani mwetu ni za alumini. Kostiki na alumini zinashambuliana. Sufuria inaanza kutoa mapovu, maji yanapata joto, mchanganyiko unaruka, na gesi inayotoka ni haidrojeni, inayowaka. Jiko la mkaa likiwa karibu, una balaa mbili kwa mkupuo mmoja. Tumieni ndoo ya plastiki nzito, na mwiko wa mbao au wa plastiki. Na utaratibu wenu uwe maji kwanza, kostiki baadaye, kidogo kidogo huku mnakoroga polepole. Ukimwaga maji juu ya rundo la kostiki kavu, yale maji machache ya mwanzo yanapata joto la ghafla, yanachemka na kutapika juu, na wewe uso wako uko hapo. Hata kwa utaratibu sahihi ndoo itapata moto sana, kwa hiyo anzeni na maji baridi.

Wengi mmefundishwa kuloweka kostiki ilale mpaka kesho ndipo mchanganye na mafuta. Sina ugomvi na hilo, nina ugomvi na mahali inapolala. Ndoo iliyo sakafuni, mdomo wake unafikiwa kirahisi na mtoto wa miaka mitatu. Akichungulia na kutupia kijiwe, tone linamrudia machoni. Iwe na mfuniko unaobana, iwe ndani ya chumba kinachofungwa. Wala isitiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika tano, kwa sababu ikishakuwa ndani haina rangi wala alama ya kuitofautisha.

Tuje kwenye maji. Miwani bila maji karibu ni nusu ya kinga, na mimi ningekubali mwanakikundi aliyesahau sabuni yenyewe kuliko aliyesahau maji.

Kiwango cha Marekani cha vituo vya kuoshea macho kazini, ANSI Z358.1, kinataka maji yasiyopungua lita 1.5 kwa dakika, kwa dakika 15, na kituo kiwe mahali ambapo mtu anafika kwa sekunde 10. Piga hesabu: ni zaidi ya lita 22. Ndoo yenu moja ya lita 20 haifiki, na kwa kostiki ningependa muoshe kwa nusu saa. Kwa hiyo ndoo tatu zilizojaa, zenye mifuniko na kopo safi juu yake, zisimame hatua chache kutoka kwenye kazi kabla hamjafungua mfuko. Hata wenye bomba nawaambia hivyo hivyo, kwa kuwa nyumba za milimani, Isamilo au Mabatini, zinajua vizuri kwamba bomba likiwa kavu halitoi taarifa.

Maji ya ziwa? Ndiyo, oshea. Kama ndiyo yaliyo karibu, usikimbilie kwa jirani kutafuta yaliyo safi zaidi. Maji ya ziwa ambayo hayajatibiwa yana vijidudu, na kichocho kipo katika fukwe zetu, lakini hayo yote yana dawa. Konea iliyoyeyuka haina dawa ya duka lolote. Ila kwa kuwa una muda wa kujiandaa, usifike huko. Jazeni zile ndoo tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au ya bomba, na kila mkianza kazi mpya wekeni mapya, ya zamani mfulie.

Ndimu ni hapana. Nafahamu hoja yake, imetoka darasani: asidi na alkali, kama kostiki, zinazimana. Zinapozimana zinatoa joto, na joto hilo litakuwa juu ya konea. Hakuna mtu mwenye jicho linalowaka anayeweza kupima ndimu ngapi kwa kostiki kiasi gani, kwa hiyo akipitiliza anaongeza jeraha la asidi juu ya la kostiki. Hasara kubwa kuliko zote ni muda unaopotea kutafuta ndimu na kisu wakati kostiki inasonga. Siki, maziwa, maji ya sukari na mkojo vyote viko kapu moja na ndimu.

Sasa tuseme imetokea. Miwani ilivuliwa ili mtu ajifute jasho, na tone likaingia jicho la kulia. Anayeoshwa alale kwenye mkeka au apige magoti, kichwa kiinamie kulia, ili jicho lililoumia liwe chini na maji yasipeleke kostiki kwenye lile zima. Mwingine amimine maji kwa kopo kutoka upande wa pua kuelekea sikioni, mkondo wa polepole usiokatika, kutoka juu kidogo tu. Mgonjwa hatafungua jicho, siyo kwa ubishi, kope zenyewe zinajifunga. Mtu wa tatu azifungue kwa nguvu ya vidole, akizishika kwa ncha ya khanga safi, la sivyo zitamteleza. Kope ya chini ivutwe chini, ya juu inyanyuliwe mbali na jicho ili maji yaingie chini yake. Mwambieni atazame juu, chini, kushoto, kulia, tena na tena. Kostiki yenu inakuja katika chenga, na chenga moja ikijificha chini ya kope ya juu itaendelea kuyeyuka hata baada ya ndoo nzima. Mkiiona, itoeni kwa ncha ya kitambaa kilicholowa, kisha endeleeni. Chokaa na saruji zina tabia hii hii ya kujificha, tena chokaa ya kupaka ukuta wa nyumba imewaponza wengi kwa kuwa hakuna anayeihesabu kuwa ni kemikali.

Mtazame saa kwenye simu. Dakika ya tatu mtaona kama mmeosha sana, na mgonjwa atawaambia imetosha. Haijatosha. Wakati huo huo mmoja atafute usafiri, siyo baada ya kumaliza. Mkiwa kwenye bajaji endeleeni kumwagia kwa chupa. Mliopo visiwani, Ukerewe au Kome, fanyeni hivyo hivyo kwenye boti, safari ya majini ni ndefu na maji ni mengi. Msilifunge jicho kwa bendeji. Bebeni mfuko wa kostiki au mpige picha lebo yake. Hospitali tutapima machozi kwa karatasi maalumu, ndugu ya ile ya lakimasi ya shuleni, na tutaendelea kuosha hadi karatasi iseme kostiki imekwisha.

Jambo moja huwadanganya hata watu wazima. Jicho lililopatwa na kostiki likiwa jekundu sana, watu wanaogopa, na likiwa jeupe wanafurahi. Weupe unaweza kuwa habari mbaya kuliko wekundu, kwa sababu maana yake ni kwamba mishipa midogo ya damu pembezoni mwa konea imekufa. Aende hospitali siku hiyo hiyo, liwe jekundu au jeupe, liume au lisiume.

Wenzenu wa sabuni ya maji wasijione wamepona. Salfoniki ile nzito nyeusi ni asidi, miwani na ndoo ni zile zile. Na anayechaji betri za taa za dagaa sebuleni, maji yale ni asidi ya salfuriki na betri inapochajiwa inatoa haidrojeni. Cheche moja wakati wa kuchomoa nyaya inaweza kuipasua usoni. Azime chaja kwanza, ndipo aguse nyaya.

Kwa baba watoto, akishatibiwa. Kazi yake ya tindo na mawe haihitaji miwani ya kuziba. Inahitaji miwani nyepesi ya kinga yenye kioo cha polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, na kinga za pembeni, ambayo haioti ukungu sana, na hiyo ndiyo faida yake, kwa kuwa ataivaa. Itale yetu ya Mwanza inameguka vipande vyenye ncha, na kama wanauchoma mwamba kwanza ili upasuke, vigae vinaruka hata hakuna aliyegonga. Kwa hiyo watoto wakae mbali, hata kama wao hawashiki nyundo. Kile kichwa cha tindo kilichochanua kikatwe kwa grinda kiwe safi. Kazi hiyo ni ya dakika chache na inaondoa chanzo chenyewe.

Grinda ni ngazi nyingine. Kwenye kiwango cha EN 166, miwani ya kawaida yenye mikono hupimwa hadi herufi F, yaani kugongwa na gololi ndogo ya chuma iendayo mita 45 kwa sekunde. Ya mkanda hupimwa hadi B, mita 120 kwa sekunde. Jiwe la grinda likivunjika kwenye mzunguko, nataka B, na kioo cha uso juu yake, na kile kifuniko cha grinda ambacho mafundi wengi huking'oa siku ya kwanza kirudishwe mahali pake.

Helmeti ya kuchomelea ibaki kwa jirani. Kioo chake cha kuchomea kwa umeme ni cheusi, kwa kawaida namba 10 hadi 13, mumeo hataona hata jiwe analolipiga. Atakachofanya ni kuinyanyua juu ya kichwa ili aone, na hapo ni sawa na kuvaa kofia ya sherehe. Siku akichomelea, aivae, kwa sababu ule mwanga unaunguza konea bila kumpa taarifa. Saa kadhaa baadaye, usiku wa manane, ndipo anaamka macho yanawaka kana kwamba yamejaa mchanga. Watoto wanaosimama kumtazama jirani akichomelea wanaunguzwa vilevile.

Na hilo la kwamba miwani ni za wanafunzi, mwambie kiwandani fundi anazivaa kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, mwajiri akiwa ndiye mwenye wajibu wa kumpa. Hapo uani mwajiri ni yeye, na mkaguzi ni wewe.

Limebaki la kikundi. Hamhitaji miwani kumi, mnahitaji kwa kila aliye umbali wa kurushiwa: anayemimina, anayekoroga, na anayeshika ndoo. Wengine wasogee. Ingefaa kila mmoja awe na yake, kwa sababu miwani inayopokezanwa ikiwa na jasho ndiyo njia nzuri ya kuambukizana macho mekundu, na mlipuko wa Januari 2024 bado mnaukumbuka. Mkilazimika kupokezana, isuguliwe kwa sabuni, isuuzwe, ianikwe kivulini kabla haijaenda kwa mwingine. Sabuni, nadhani, haitawapiga chenga.